Marx, Durkheim na Weber hawakuwa wa kizazi kimoja

Wanafunzi wengi wa sosholojia, yaani taaluma ya kuchunguza jamii, huamini kwamba wanafikra Karl Marx, Émile Durkheim na Max Weber waliishi wakati mmoja, wakajibizana, na kwa pamoja wakaasisi taaluma hii. Inaeleweka: maswali ya mtihani huwalinganisha kana kwamba waliketi meza moja.

Marx alifariki London mwaka 1883. Weber alikuwa na miaka 18 tu, na Durkheim, mwenye miaka 24, alikuwa hajachapisha kitabu hata kimoja. Kuwekwa kwa Marx katika utatu huu kumetokana zaidi na vitabu vya kiada vya karne ya 20. Weber alimjibu, ndiyo, ila mjibiwa alikuwa kaburini zamani. Kinachoshangaza zaidi ni hao wawili waliobaki: waliishi zama moja, Durkheim Ufaransa, Weber Ujerumani, lakini katika maandishi yao karibu hawakutajana.

Ukitaka kuhakiki, tafuta mwaka wa chapa ya kwanza, usiishie kwenye mwaka wa tafsiri. Insha ya Weber kuhusu maadili ya Kiprotestanti na ubepari ilitoka 1904 na 1905. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ni ya 1930. Kisha fungua faharasa nyuma ya kitabu uone nani anamtaja nani.