Pink Floyd: Yasemwayo Barazani na Yaliyo Kweli

Kwenye baraza yetu huku Kibokoni, kahawa chungu ikishazungushwa baada ya isha, mazungumzo ya muziki huanza na taarab na mara nyingi huishia, kwa sababu yangu, kwa kundi la rock la Pink Floyd. Nimewapenda Waingereza hawa tangu enzi za kanda, sijawahi kuwaona jukwaani ila katika filamu, na kwa miaka yote hiyo nimesikia mengi yakisemwa juu yao ambayo hayana msingi. Nimeona bora niyaandike, kwa kuwa barazani mtu hukatizwa kabla hajafika alikokusudia.

La jina ni jepesi. Wengi hudhani Pink ni mmoja wa waimbaji, ilhali Syd Barrett, mwimbaji na mpiga gitaa wao wa mwanzo, aliunganisha tu majina ya wanamuziki wawili wa blues wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council.

Linalonikera zaidi ni dai kwamba muziki huu ulitungwa na walevi waliobahatisha. Ni kweli kwamba Barrett alitumia dawa za kulevya na akili yake ikadhoofika, lakini aliondoka kundini mwaka 1968, kabla ya albamu zote zilizowapa umaarufu mkubwa. Wenzake Roger Waters, Nick Mason na Richard Wright walikutana London wakisomea usanifu wa majengo, nami naisikia elimu hiyo katika namna wanavyojenga wimbo. Chukua albamu ya The Dark Side of the Moon, iliyotoka Machi 1973. Waliipiga mbele ya hadhira Brighton tangu Januari 1972. Mitambo ikawaharibikia katikati, na kesho yake wakaikamilisha Portsmouth. Kwa hiyo watu walikuwa wameisikia kwa zaidi ya mwaka mzima kabla haijafika madukani, nao wanamuziki waliendelea kuirekebisha jukwaani kutoka mji hadi mji. Katika studio ya Abbey Road, ule mlio wa pesa unaofungua wimbo wa Money haukutoka kwenye kompyuta: ni sauti za sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya kuhesabia pesa, zilizorekodiwa kwenye utepe, vipande vikapimwa kwa rula, vikakatwa na kuunganishwa hadi vikazunguka kwa mapigo saba badala ya manne tuliyoyazoea. Mlevi hapimi utepe kwa rula.

Husemwa kwamba albamu hiyo hiyo inahusu safari za anga. Giza la mwezi linalotajwa humo ni giza la akili inayoteleza, na nyimbo zake zinazungumzia muda unaompita mtu, tamaa ya pesa, mauti na kupagawa, mambo ambayo washairi wa pwani hii wameyatungia tangu zamani. Wapo pia wanaoshikilia kwamba ilipangwa ilingane na filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939, jambo ambalo wanamuziki wenyewe na fundi wao wa sauti, Alan Parsons, wamelikanusha. Na si kweli kwamba ilikaa nambari moja kwa miaka 14. Marekani ilishika nafasi hiyo kwa wiki moja tu. Kilichodumu ni kubaki kwake katika orodha ya albamu 200 zinazouzwa zaidi huko, jumla ya wiki 741 kati ya 1973 na 1988.

Husemwa pia kwamba nyimbo zao ni ndefu mno. Aliyelelewa na taarab, ambamo ala hutangulia kwa kitambo kabla mwimbaji hajafungua kinywa, asingepaswa kulalamika. Katika wimbo wa Shine On You Crazy Diamond, unaofungua albamu ya Wish You Were Here ya mwaka 1975, sauti ya mwimbaji husubiriwa kwa zaidi ya dakika nane, na subira hiyo ina maana yake, kwa kuwa wimbo wenyewe ni wa kumlilia Barrett. Juni mwaka huo, walipokuwa wakiishughulikia albamu, Barrett aliingia studio bila kualikwa, amenenepa, amenyoa nyusi, na wenzake wa zamani hawakumtambua mara moja. Kila nikiusikiliza usiku, habari hiyo hunijia.

Walimu wa hapa Mombasa huuchukia wimbo wa Another Brick in the Wall, wa albamu ya The Wall, ulioimbwa na watoto wa shule ya Islington Green, wakiamini kwamba unapinga elimu. Waters alilenga walimu wanaomdhalilisha mtoto, na wanafunzi weusi wa Afrika Kusini waliuelewa vyema walipougeuza wimbo wa mgomo wao mwaka 1980, hadi serikali ya ubaguzi ikaupiga marufuku. Tamasha la albamu hiyo, ambapo ukuta wa matofali ya kadibodi ulijengwa kati ya wanamuziki na watazamaji, halikuzunguka dunia kama inavyodhaniwa. Lilifanyika mara 31 tu, mwaka 1980 na 1981, katika Los Angeles, Uniondale, London na Dortmund.

Hatimaye kuna wanaosema kwamba kundi ni Waters na mpiga gitaa David Gilmour, basi. Waters alijitoa mwaka 1985, na bado tarehe 15 Julai 1989 wenzake walipiga Venice juu ya jukwaa lililoelea majini, picha ambayo sisi wa bandarini hatuhitaji kufafanuliwa. Wright, mpiga kinanda mpole, ndiye aliyetunga muziki ambao Clare Torry aliuimbia bila neno hata moja katika The Dark Side of the Moon. Tarehe 2 Julai 2005, katika bustani ya Hyde Park jijini London, alisimama tena pamoja na Waters, Gilmour na Mason, na ilikuwa mara ya mwisho kwa wanne hao kupiga pamoja. Wright alifariki Septemba 2008.