Herufi nzito za serifu inayotanuka: zikoje na zinafaa wapi

Herufi za magazetini huwa na serifu, yaani vijiguu vidogo vinavyotokeza kwenye miisho ya mistari yake. Katika serifu inayotanuka, vijiguu hivyo havipo. Shina lenyewe, yaani mstari mkuu uliosimama, linaanza pana juu, linabonyea kidogo katikati, kisha linapanuka tena chini na kukatika kwa pembe kali. Chukua herufi nzito yenye urefu wa sentimita 20: katikati shina linaweza kuwa na milimita 40, miishoni milimita 48. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoipa fonti sura yake. Ikipotea, inabaki herufi nene tu.

Mfano maarufu ni Albertus, iliyochorwa na Berthold Wolpe kwa kampuni ya Monotype ya Uingereza miaka ya 1930. Wolpe alikuwa akitengeneza maandishi ya shaba kwa kuchimba shaba ya pembeni na kuacha herufi imeinuka, na ukali wa patasi bado unaonekana kwenye fonti yake. Vibao vya mitaa vya City of London, eneo kongwe la katikati ya London, vimeandikwa kwa herufi hizo.

Kwetu kusini zinapendeza kwenye bango la ghala la korosho, ubavu wa mashua au jina kubwa kwenye pakiti. Ziwe maneno machache, makubwa. Maelezo ya uzito na viungo yaandikwe kwa fonti nyingine, kwa sababu herufi hizi zikiwa ndogo mtanuko hauonekani tena. Msomaji hudhani wino umevuja, na matundu ya a na e huziba.

Kazi ngumu ni nafasi kati ya herufi. Andika MTWARA uone: mkono wa T na ncha ya W hukaribia kugusana juu, huku chini ya T pakibaki uwazi mkubwa. W na A mistari yake inalala upande mmoja, kwa hiyo zisogeze karibu, halafu upanue kidogo kati ya M na T ili neno lisigawanyike. LINDI ina mashina yaliyosimama sita, na mguu wa L huikimbilia I. Usiiachie programu ikupangie. Pima kwa jicho, ukiwa umesimama mbali.

Kosa linaloharibu mabango mengi ni kuchukua fonti nyembamba na kuiongezea mstari wa kuizunguka pembeni ili ionekane nzito. Unene huongezeka sawa kila upande, pembe zinakuwa butu, matundu yanaziba. Kuivuta fonti kwa upana nako hunenepesha mashina na kuacha mistari ya kulala ilivyo. Tumia toleo nzito lililochorwa hivyo tangu mwanzo.

Anayechora kwa brashi aweke alama tatu za upana, juu, katikati na chini, aziunganishe kwa kupinda ufito mwembamba, ndipo ajaze rangi. Pembe zimaliziwe mwisho kwa brashi bapa. Kwa stika, epuka herufi ndogo sana: ncha zake hubanduka pamoja na mabaki ya stika yanayozunguka herufi unapoyatoa.