Kwa nini mikopo midogo hulipwa vizuri, lakini biashara hazikui?

Mwaka 1976, mwanauchumi Muhammad Yunus alianza kuwakopesha maskini wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, ambao benki ziliwakataa kwa kukosa dhamana. Mradi huo ukawa Benki ya Grameen mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Taasisi nyingi zilizofuata njia hiyo zimejivunia kwamba karibu fedha zote hurudi. Mbona basi tafiti kutoka nchi sita, zikiwemo Ethiopia, India na Mexico, zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, hazikuona kipato cha wakopaji kikipanda sana?

Kwa maoni yangu, tuanzie kwenye ratiba ya marejesho. Chukua mkopo wa 1,000 kwa riba ya asilimia 20, unaolipwa kwa wiki 50. Mama anapeleka 24 kila wiki kwenye kikao cha kikundi, na rejesho la kwanza linamkuta wiki moja tu baada ya kupokea fedha. Akinunua cherehani, bado hajapata wateja. Akipanda mazao, hayajaota. Kwa hiyo ananunua bidhaa za kuuza upesi, zile zile wanazouza majirani zake, na faida inabaki kiduchu. Isitoshe, riba imepigwa kwenye 1,000 yote ilhali deni linapungua kila wiki, hivyo gharama halisi inakaribia asilimia 40 kwa mwaka.

Akikwama, wanakikundi wanambana, maana wao ndio wadhamini. Wengi hukimbilia taasisi ya pili kulipa ya kwanza. Madeni ya namna hiyo yalirundikana katika jimbo la Andhra Pradesh, India, hadi serikali ikaingilia kati mwaka 2010, na marejesho yakaporomoka.

Mjini Kolkata, watafiti waliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza. Hao waliwekeza zaidi, na takriban miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, na hapo ndipo taasisi husita. Naielewa hofu yao, kwa sababu kumfuatilia mteja mdogo ni gharama kubwa. Lakini kwa ratiba ya sasa, hatari yote anaibeba mkopaji, ambaye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuibeba.