Si kweli kwamba roketi husukuma hewa

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya Malindi: eti roketi mpya za kubeba watu na mizigo ni uongo, kwa kuwa huko juu hakuna hewa, na pasipo hewa roketi haina cha kusukuma.

Si kweli. Roketi hutupa nyuma gesi yake yenyewe kwa kasi kubwa, na kule kuitupa ndiko kunakoisukuma mbele. Kaa kwenye mtumbwi uliotulia, urushe jiwe zito upande wa tezi. Mtumbwi utasogea kuelekea omo, wala hukupiga kasia. Moto nao hautegemei hewa ya nje, maana roketi hubeba oksijeni yake. Tena, injini hupata msukumo zaidi pasipo hewa, kwa kuwa hakuna kinachokinza gesi inapotoka.

Naelewa kwa nini watu huchanganyikiwa: pangaboi la ndege husukuma hewa, la boti husukuma maji. Lakini ni hapa hapa Ngomeni, kwenye jukwaa la baharini, iliporushwa kwa roketi setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, ikazunguka dunia huko juu.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta kwenye intaneti saa ambazo kituo cha anga cha kimataifa (ISS), ambamo watu huishi kikizunguka dunia, kitapita juu ya Malindi, kisha utoke nje jioni isiyo na mawingu. Utaona nukta nyeupe ikisafiri bila kumetameta, kama kilomita 400 juu. Waliomo na chakula chao walipelekwa na roketi. Tafadhali, ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze.