Kaskazini, kunakotoka kaskazi

Juzi nilikuwa nahariri tafsiri kuhusu misitu ya Urusi na Kanada. Mfasiri kaandika "misitu ya boreali". Nikakata, nikaweka "misitu ya kaskazini". Akaniuliza kwa nini namnyang'anya neno la kitaalamu.

Boreali limetokana na Boreas, mungu wa upepo wa kaskazini kwa Wagiriki wa kale. Na neno letu nalo ni mtoto wa upepo. Kaskazi ni pepo za msimu zinazovuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Ndizo zilizoyasukuma majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi hadi pwani yetu, manahodha wakangoja kusi, upepo wa kutoka kusini, ianze ndipo warudi kwao. Ukitia -ni ya mahali unapata kaskazini, yaani kunakotoka kaskazi. Kusi ikazaa kusini. Mashariki na magharibi tuliyachukua kwa Waarabu. Kaskazini na kusini tuliyapata tanga likiwa juu.

Ila mfasiri wangu alikuwa na hoja moja. Boreas alipuliza baridi, ilhali kaskazi kwa mtu wa pwani ni joto na jasho. Msomaji wa Mombasa akisikia "misitu ya kaskazini" hatetemeki. Basi tukapatana: "misitu ya baridi ya kaskazini".

Pwani utasikia pia kibla kwa maana ya kaskazini, kwa kuwa Makka iko upande huo. Kwenye tafsiri nalikwepa: mtu wa Cairo akielekea kibla anatazama kusini-mashariki.

Kinachonikera zaidi ni *mwa* na *ya* baada ya neno kaskazini. Mimi nashika hivi: kaskazini *mwa* Kenya ni ndani, Marsabit na Turkana, kaskazini *ya* Kenya ni nje, ng'ambo ya mpaka, Ethiopia. Sasa soma: "Mvua kubwa imenyesha kaskazini ya Kenya." Imenyesha wapi? Wengi huyachanganya, na kwenye mazungumzo hakuna anayepotea. Kwenye taarifa ya hali ya hewa mtu anaweza kufunga mizigo bure.

Herufi kubwa nayo ina kazi. Mkoa wa Kaskazini Unguja ni jina la mkoa, lenye mipaka yake. Kaskazini mwa Unguja, kwa herufi ndogo, ni upande tu, na unaishia pale msemaji anapoona panatosha.