Modeli ya kompyuta si kibali cha kubomoa nyumba ya Mji wa Kale

Malalamiko ya wakaazi wa Mji wa Kale wa Mombasa yanayofika katika ofisi yetu ya uhifadhi yameongezeka, na mengi yanahusu watu wanaoingia vichochoroni na skana za leza, kamera na droni, wakapima kuta na kupiga picha milango ya watu bila hata kubisha hodi. Wengi wao ni wanafunzi wa usanifu majengo na wachoraji wa kompyuta wenye nia njema, na kazi yao tunaihitaji. Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kila mhifadhi wa pwani hii alijiuliza ni nyumba ngapi zilizo chini ya uangalizi wake zina vipimo vya kutosha kuzijengea upya. Paris walikuwa na bahati kidogo: mwanahistoria Andrew Tallon alikuwa amelipima kanisa la Notre-Dame kwa leza miaka kadhaa kabla ya moto wa Aprili 2019, na vipimo vyake viliwafaa waliolikarabati.

Kwa hiyo asitokee mtu kusema kwamba tunapinga teknolojia. Tunayoyapinga ni mawili: modeli, yaani nakala ya jengo iliyoundwa kwenye kompyuta, inayodanganya, na modeli inayotumiwa kama hati ya serikali.

Nianze na uongo, kwa kuwa huo ndio unaonikera zaidi. Dari ya nyumba ya mawe ya Kiswahili hubebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki nafasi inayozidi takriban mita tatu, ndiyo maana vyumba vya wazee wetu ni virefu na vyembamba. Hivi karibuni nililetewa taswira ya chumba cha nyumba moja ya Ndia Kuu, chenye upana wa mita sita, bila nguzo wala ukuta wa kati, na juu yake boriti zimepangwa kwa ustadi mkubwa. Ilipendeza. Ila boriti za urefu huo hazijakatwa katika mikoko yoyote ninayoijua, na mchoraji alipoulizwa alijibu kwamba chumba halisi kilionekana kidogo mno kwenye skrini.

Kosa la pili halionekani upesi. Ukuta wa matumbawe na chokaa, wenye unene wa karibu nusu mita, haunyooki kamwe, nazo programu nyingi za kuunganisha picha huusawazisha zenyewe ili faili iwe nyepesi. Uvimbe unaofutwa hapo ndio habari tunayoitafuta, kwani mara nyingi unatuonyesha mahali ambapo maji ya mvua yameingia kutoka juu ya dari, au ambapo mtu amepaka saruji juu ya chokaa na kuuzuia ukuta kupumua. Tunaomba vipimo ghafi vihifadhiwe pamoja na modeli iliyosafishwa, wala visifutwe kwa sababu vimejaza kompyuta.

Kisha kuna suala la wakati. Fort Jesus, ambayo sisi huiita Ngomeni, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, ikazingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, ikatumika kama gereza tangu 1895 hadi 1958, na katika vipindi hivyo vyote kuta zake ziliongezwa na kubadilishwa. Anayeleta modeli ya "Ngomeni ya asili" atwambie ni Ngomeni ya mwaka gani. Mkataba wa Venice wa 1964 unasema kwamba ukarabati hukoma pale ambapo kukisia kunaanza. Katika kompyuta kukisia kunaruhusiwa, lakini kuonekane. Sisi huomba kilichopimwa kipewe rangi yake halisi, kilichotokana na picha za zamani au masimulizi ya wazee kiwe na rangi hafifu, na kilichobuniwa kibaki kijivu.

Kuhusu ruhusa, tiketi ya kuingia Ngomeni inakuruhusu kutalii. Haikuruhusu kuweka skana juu ya stendi ya miguu mitatu na kupima ngome nzima. Kazi hiyo huombewa kwa barua inayotaja jengo, vyumba, siku, vifaa, majina ya wote watakaoingia na mahali faili zitakapohifadhiwa, na ikiwa ni utafiti, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, huambatanishwa. Droni husajiliwa na kuruhusiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya chini ya kanuni za 2020, na barua yetu haichukui nafasi ya kibali chao, kama ambavyo chao hakichukui nafasi ya barua yetu. Kwa nyumba inayokaliwa, idhini hutoka kwa mwenye nyumba, na kama nyumba ni ya wakfu, kwa msimamizi wa wakfu. Mpangaji akikukaribisha chai hajakupa idhini ya kupima. Sura za watu, picha za ukutani na vyumba vya ndani vya familia huondolewa kabla ya modeli kuonyeshwa kwa yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia ya biashara, kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Sasa lile la pili tunalolipinga, modeli kutumiwa kama hati ya serikali, ambalo nimelieleza mezani kwangu mara nyingi hata nimechoka. Mwenye nyumba huja na taswira nzuri ya jengo lake na kusema, "Nyumba imeshahifadhiwa kwenye kompyuta, naomba sasa niivunje nijenge ghorofa." Hapana. Kinacholindwa chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 ni jawe lenyewe, mlango wenyewe na baraza yenyewe. Modeli inamsaidia fundi ajue boriti ipi ilikaa wapi ili arudishe nyingine kama hiyo. Mwenye nyumba inayoanguka na aje na modeli, lakini aje pia na hati ya umiliki na fundi wa chokaa, tukae tuzungumzie kutia mihimili ya muda kabla ya mvua za masika.

Maombi yaletwe mapema, yakiwa kamili. Anayetaka kurusha droni juu ya msikiti wa mtaani Ijumaa adhuhuri asijisumbue kuandika barua.