Sarafu ya mkusanyaji ni ipi, na je, inapatikana kwenye chenji?

Mwaka 2018 Benki Kuu ya Kenya ilitoa sarafu mpya zenye wanyama: twiga kwenye shilingi moja, faru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, ilikuwa imekataza noti na sarafu kubeba sura ya mtu binafsi. Lakini sarafu za zamani hazikufutwa. Ndiyo maana makanga anaweza kukurudishia chenji yenye Moi wa 1998, Kenyatta wa 2005 na ndovu wa 2018, na zote dukani zikapokelewa bila swali.

Sarafu ya mkusanyaji ni ile ambayo mtu yuko tayari kuinunua kwa bei inayozidi thamani iliyoandikwa juu yake. Anaitaka kwa sababu ni adimu, au iko katika hali nzuri kupita kawaida, au ilitoka kiwandani na kasoro, au madini yake yenyewe yana bei. Umri haumo katika orodha hiyo, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Chukua senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, yenye tundu katikati na pembe za ndovu kandokando yake. Yasome pole pole maandishi ya kuzunguka tundu: utakuta jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyeshika kiti Januari 1936 na kukiacha Desemba mwaka huohuo. Kule kwao hakudumu kiasi cha sarafu zenye sura yake kuingia mikononi mwa raia, na chache zilizosalia ni ghali mno. Huku kwetu senti tano na senti kumi hazikuwa na nafasi ya sura kwa sababu ya tundu, jina lilitosha. Zikatengenezwa kwa mamilioni, nyingine zikiwa na herufi ndogo H au KN kuonyesha karakana ya Birmingham iliyozitoa. Matokeo yake, sarafu yenye historia ya kusisimua namna hii bei yake ni ya chini, maana zipo tele. Mimi naipenda kuliko nyingi zilizo ghali, lakini mapenzi si soko.

Sarafu hizo za mkoloni huwezi kuzipata kwenye chenji ya leo. Ziko kwenye mikebe ya nyanya na babu. Kwenye chenji, tazama kwanza mwaka, halafu maandishi. Sarafu za kwanza za Kenya huru, za 1966 hadi 1968, zina sura ya Mzee Kenyatta bila maandishi yoyote kuizunguka. Kuanzia 1969 jina na cheo chake viliongezwa. Ukiletewa shilingi mbili, iweke, kwani sarafu hiyo iliachwa kutengenezwa zamani. Shilingi tano ya 1973 yenye pembe tisa, ya miaka kumi ya uhuru, nayo iweke. Kisha kuna shilingi arobaini ya 2003, ya miaka arobaini ya uhuru, yenye sura ya Mwai Kibaki. Hiyo ni halali kununulia kitu, ila watu waliificha mapema, kwa hiyo imejaa kwenye droo kuliko kwenye matatu.

Hali ya sarafu hupandisha au kuporomosha bei kuliko kitu kingine. Igeuze kwenye mwanga na uangalie nywele zilizo juu ya sikio la Kenyatta: sehemu hiyo imeinuka, hivyo huanza kulika mapema. Zikionekana nyuzi nyuzi, sarafu haikuzunguka sana. Ikiwa hapo pamekuwa laini tupu, basi hata iwe ya 1966 haitamsisimua mkusanyaji.

Video nyingi za mitandaoni kuhusu utajiri wa chenji zinatoka Marekani, na huko zina msingi: senti kumi na senti ishirini na tano zao za hadi 1964 zilikuwa na asilimia 90 ya madini ya fedha. Shilingi ya Kenya ya 1966 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, haina fedha hata chembe. Hata ile ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1920, yenye simba na milima, ilikuwa na robo tu: sarafu ya gramu 7.8 hivi, fedha haifiki gramu mbili. Kwa hiyo anayekuahidi mamilioni kwa sarafu ya Moi, kisha akakutaka utume kwanza ada ya usajili, anakuibia. Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi.

Ukipata nzuri, usiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno. Mng'ao huo mpya unatokana na ngozi ya juu iliyokwanguliwa, na mkusanyaji huutambua mara moja. Ishike kwa ukingo, uitie kwenye bahasha ndogo ya karatasi kavu. Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC, kwani baada ya muda huacha utando wa kijani kwenye shaba.